Povu kwenye Bomba la Gesi

Ilianza Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, babu alipofungua boneti ya gari la Mama Teddy wa Singe. Mimi nilishika beseni la maji ya sabuni. Ndiyo kazi yangu likizo hii: kushika vitu na kunyamaza. Kunyamaza naweza.

Babu ni fundi tangu ujana. Siku yake ya kwanza, karakana ya Singida, mkuu wa karakana alimfunga kitambaa machoni akamsogezea makopo.

"Hili nini?"

"Petroli, mzee."

"Na hili?"

"Mafuta ya breki."

"Umepata kazi. Macho yakichoka utavaa miwani. Pua haina miwani."

Akahamishiwa Arusha, kisha hapa Babati, akastaafu. Hakutulia, akaenda Dar kujifunza kufunga mfumo wa gesi. Gesi inakaa kwenye mtungi mnene nyuma ya gari, inapita bomba jembamba mpaka kwenye kipunguza presha, kidude kinachoituliza kabla haijaingia kwenye injini. Imetiwa harufu kusudi, ili ikivuja ijitangaze. Babu hunusa maungio kwanza, halafu hupaka povu la sabuni; likivimba, panavuja.

Hili la Mama Teddy lilikuwa gari lake la mwisho kulifunga gesi. Baba amemwomba apumzike.

"Mzee, fanya haraka, leo mnada," Mama Teddy alisema, kashakaa kwenye usukani. "Na mtungi huo usije ukalipuka nikapaa mpaka Bonga!"

"Ukipaa, utupungie mkono."

Babu akafungua valvu ya mtungi, akainama, akanusa. "Safi. Povu la nini tena? Washa, Mama Teddy."

Mimi nilisikia harufu. Kali, kama yai viza. Na babu alikuwa ameinama palepale! Cheche moja tu ingetosha. Lakini kumsahihisha babu mbele ya mteja?

"Babu, sabuni bado." Sauti ilitoka ndogo, ila ilitoka. Mama Teddy akaachia ufunguo.

Nikapaka. Kwenye kipunguza presha povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

Babu akafunga valvu haraka. "Umesikia harufu?"

"Ndiyo, babu."

"Kali?"

Nikaitikia kwa kichwa. Tukasubiri harufu iishe, akakaza nati, akafungua tena, nikapaka tena. Povu likatulia. Mama Teddy akaondoka akipiga honi.

Babu akakaa juu ya tairi kuukuu. "Tangu ile homa ya mwaka jana," akasema. "Bibi yako akikaanga vitunguu, nasikia mlio tu. Sikumwambia mtu. Fundi anajua kukaza kila kitu, mama, ila kuachia ndiyo kazi." Akafuta spana, akaiweka kwenye boksi. "Nilitaka nimalize kwa pua yangu. Nimemaliza kwa yako. Si mbaya."

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilimpelekea chai. Kwa kawaida naweka kikombe, namwamkia, nakimbia. Safari hii nilikaa.

"Ina tangawizi," nikamwambia. "Na mchaichai. Maziwa yameungua kidogo, yananukia moshi."

Babu akafumba macho, akanywa.

"Endelea," akasema.