Kula wa Mwisho

Mwaka ule wa kuelekea uhuru, kwetu Likoni kila mtu alikuwa kiongozi au alikuwa njiani kuwa kiongozi. Hata jirani yetu aliyemwogopa mkewe alisimama mbele ya watu akahutubia habari za ujasiri. Mimi nilikuwa darasa la saba, na sikutaka kuachwa nyuma. Nilitaka ukiranja mkuu.

Shule yetu haikuwahi kuwa na kiranja mkuu msichana. Nilikuwa kiranja wa kawaida, kazi yangu kusimamia uji wa saa nne, na mpinzani wangu alikuwa mvulana mrefu, mwenye sauti nzito, aliyejiona ameshashinda. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba Jumatatu tutasimama mbele ya shule nzima tueleze kiongozi mwema ni nani, kisha wanafunzi wachague. Nikaandika kurasa tatu. Nilizijaza maneno yote makubwa niliyoyasikia redioni, nikayakariri mpaka watu wa nyumbani wakachoka nami. Wallahi nilijipenda.

Jumapili kulikuwa na arusi mtaani. Bibi yangu aliyenilea ndiye aliyekuwa mkuu wa wapishi, kwani Likoni hakukuwa na arusi ya maana iliyopikwa bila yeye kushika upawa. Alikuwa mfupi, mkali, hajui kusoma hata herufi moja, na wanawake wazima walimtii kwa kutupiwa jicho tu. Utaratibu wake haukubadilika: wageni kwanza, kisha wateka maji na wapasua kuni, kisha wapishi, na yeye mwisho kabisa. Mara nyingi chake kilikuwa ukoko, ule wali ulioshika chini ya sufuria. Aliukwangua akautafuna kwa utulivu, nami miaka yote nilidhani anaupenda.

Siku hiyo alinipa kazi ya kugawa sinia za pilau upande wa wanawake. Niliringa! Sinia moja yenye minofu mizuri nikaificha chumbani, nikala na mashoga zangu wawili. Nilijiambia ni haki ya mgawaji. Shuleni si ndivyo tulivyofanya? Viranja tulichota uji kwanza, vikombe pomoni, na watoto wa darasa la kwanza wakapata kilichobaki, kama kilibaki.

Tulipokwisha kula, wakaja wateka maji. Walikuwa wanawake watatu waliokuwa wakibeba madebe kutoka kisimani tangu alfajiri. Walinawa, wakakaa mkekani. Pilau ilikuwa imekwisha.

"We mjukuu wangu!" Bibi akaniita.

"Abee, bibi."

"Sinia ya hawa i wapi?"

Alinitazama midomo, nayo ilikuwa iking'aa mafuta. Hakunipiga, na heri angenipiga. Aliinama akakwangua ukoko wa sufuria zote, akawapakulia wale wanawake, akawaomba radhi kama kwamba ni yeye aliyekula pilau yao. Kisha akajifunga leso vizuri tukaenda zetu. Yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu mdomoni.

Njiani nikamuuliza, huku nalia, kwa nini hakuwaambia kuwa ni mimi.

"Upawa niliushika mimi," akasema. "Na sinia nilikupa mimi. Basi aibu ni yangu."

Jumatatu mpinzani wangu alitangulia. Alisema vizuri, sitamnyima haki yake, na makofi alipigiwa. Zamu yangu ilipofika nilizikunja zile kurasa tatu, nikasimulia habari ya sinia, tangu minofu mpaka midomo. Walicheka. Nikawaacha wamalize.

"Kiongozi mwema hula wa mwisho," nikasema, "na jambo likiharibika husema ni langu. Sina jingine. Mkinichagua, viranja wote tutakunywa uji baada yenu, na mimi baada ya viranja."

Viranja wenzangu walinikodolea macho ya kunimeza. Lakini mwalimu mkuu alipoomba mikono ya wanaonitaka, darasa la kwanza waliinua mikono, wengine yote miwili, na wakubwa wakafuata. Nilivishwa beji pale pale. Nilishinda mimi, msichana wa Likoni, na mpaka leo nikikumbuka kifua hunijaa.

Kesho yake, saa nne, nilisimama kando ya sufuria ya uji hadi mtoto wa mwisho alipopata. Viranja wakanywa, wakinung'unika. Nilipozamisha upawa kwa ajili yangu ulitoka mtupu. Kipindi cha hesabu tumbo langu lilinguruma hata mpinzani wangu akageuka kunicheka. Nami nikaiweka beji yangu sawa.

Nyumbani nilimkuta Bibi jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umekula wa ngapi?"

"Wa mwisho. Na uji haukunifikia."

Hakunipongeza. Alivuta sufuria, wali wake umeshaliwa na wengine wote, akakwangua ukoko akaugawa sawa kwa sawa, akanisukumia sahani. Haikuwa kawaida yake kumpa mtu ukoko wake. Nikatafuna. Ulikuwa mkavu, umeungua, unachoma ufizi.

"Bibi," nikasema, "kumbe mchungu!"

"Miaka yote," akajibu, akaendelea kutafuna.