Grisi ya Kila Jumamosi

Mtaani walimwita Bwana Kitambaa, kwa kuwa hakuonekana bila kitambaa begani. Dereva huyu mstaafu alikuwa na gari moja kuukuu, na tangu mkewe apooze miguu, gari hilo ndilo lililompeleka kliniki kila Jumatatu. Basi alilitunza, weee! Kila Jumamosi alifungua milango yote minne, akachota grisi kwa kidole, akaipaka mipira ya kuzuia maji milangoni polepole mpaka ing'ae. Majirani wakimtania kwamba gari lake linapakwa mafuta kuliko mtoto mchanga, alicheka tu. Miaka sita, hakuruka hata Jumamosi moja.

Msimu huu mvua ikaanza kuingia ndani. Upande wa mkewe ndio uliovuja zaidi, nao ndio alioupaka zaidi. Jumatatu moja mke alifika kliniki sketi imelowa chapachapa, nesi akadhani amejikojolea, akamletea nguo ya kubadili mbele ya watu. Mume alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake akalipeleka gari kwa fundi. Fundi aliuminya mpira wa mlango, kipande kikabaki vidoleni, cheusi, laini kama sabuni iliyosahauliwa majini.

"Mzee, hapa unapaka nini?"

"Grisi. Tena ile nzuri."

Fundi alishusha pumzi. "Grisi inakula mpira, mzee wangu. Hapa ni kuosha kwa maji na sabuni, unakausha, unapaka mafuta ya silikoni kidogo, basi."

"Si unitafutie mingine?"

"Ya gari hili? Haitengenezwi tena. Nimeshamtafutia mteja mwingine maduka yote, nikatoka kapa." Akafuta vidole. "Yaani hata ungeiacha bila kupaka kitu, ingekuwepo mpaka leo."

Maji yakimwagika hayazoleki. Bwana Kitambaa aliendesha kurudi nyumbani akiwa na hasira, na hakuwa na wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe.

"Fundi kasemaje?" mkewe akauliza kutoka kitandani.

"Uzee tu."

"Basi usijilaumu, baba watoto. Bila mikono yako lingeshakufa zamani." Akajivuta, akasogeza shuka. "Njoo uninyooshe miguu kama kila siku, leo imekaza kweli."

Mumewe alisimama palepale mlangoni, mikono nyuma. Aliogopa kumgusa kwa mikono ile ile.