Utitiri umenichongea kwa mama mkwe

Nimejikuna mpaka nimeumbuka, jamani.

Niko ukweni, Mtawanya. Tangu alfajiri miguu inawasha kama nimepita kwenye upupu. Nikamwambia mke wangu hawa ni funza.

Akamulika kwa simu. "Mama, ni vidudu vyekundu, vidogo kuliko ufuta, na vinatembea!"

Mama mkwe akajibu kutoka jikoni:
"Basi si funza. Funza huzama, ukaona kitone cheusi na weupe pembeni. Hao ni utitiri wa nyasi ndefu."

Akatoka jikoni, akaniangalia miguu.

"Baba, shamba langu si ulisema umeshalipalilia lote?"

Sasa nawaandikia nikiwa shambani, jembe begani. Mama mkwe ananisimamia, kakaa kivulini, palepale kwenye nyasi nilipolala jana.

Kaanza kujikuna.

Nimwambie ahame, au ninyamaze?