Kona ya Mbembelezi

Gereji haijazoea ukimya huu. Nyundo zinagonga kama kawaida, na redio ya mpaka rangi bado inakoroma, lakini ile sauti iliyokuwa ikitoka chini ya magari haipo. "Njoo mama, njoo taratibu, nani kakuudhi?" Wateja wapya walidhani kuna mgonjwa huko chini, kumbe ni fundi anazungumza na nati. Tulimwita Mbembelezi. Nati iliyoshika kutu ikawagomea wenye spana ndefu ilikuwa ikimwachia yeye, kwa maneno matamu na mafuta kidogo.

Siku hizi nati kama hizo zinakatwa kwa tindo. Zinafunguka, sikatai. Lakini zinafunguka kwa chuki.

Kitu kimoja kilimshinda kukibembeleza, nacho ni kona. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikaa mwisho wa uchochoro. Hatua chache kabla ya mlango wake, uchochoro ulikunjika kushoto ghafla, kati ya ukuta wa fundi cherehani na ukuta wa bohari la magunia, kama kiwiko cha mtu anayekataa kupisha. Hakuna gari lililowahi kupita pale. Magoti ya dada yalipoanza kumgomea, vijana wa mtaa wakawa wanambeba kwenye kiti hadi barabarani kwenda hospitali. Siku moja kiti kiliinama, gauni likapanda, na mtaa ukaona mambo yasiyouhusu. Dada akaamuru arudishwe ndani. Akasema yeye si kabati, na hatabebwa tena na mtu. Kliniki moja ikapita, na ya pili ikapita. Hospitali ikatuma ujumbe kwamba akikosa inayofuata, nafasi yake ya upasuaji atapewa mwingine.

Mbembelezi alikuwa na gari lake la porini, kuukuu, fupi, lenye kifua kipana. Akaupima uchochoro kwa kamba. Gari lingeenea, ila lisingeweza kugeuka. Akakaa juu ya tairi bovu, chai ikimpoa mkononi, akiwa na uso wa mtu anayedaiwa na ukuta. Kisha akakumbuka trekta alizotengeneza ujanani. Trekta ina breki mbili za nyuma, kila tairi na yake. Ukilifunga tairi la upande unaokwenda, lile la nje linaendelea kusukuma, na mashine nzima inazunguka kama mlango kwenye bawaba.

Basi na gari lake litakuwa hivyo. Kati ya viti vya mbele akafunga vishikio viwili vya chuma, na kutoka kila kishikio akapitisha paipu ya mafuta ya breki hadi kwenye tairi moja la nyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye alilala kabisa, chali, miguu ikichungulia nyuma ya gari. Sasa, mtu akilala chali namna hiyo, kichwa kikielekea mbele ya gari, kushoto kwake ndiko kulia kwa gari. Mbembelezi alikuwa akiisimulia nati habari za dada yake, hakuliwaza hilo. Akazifunga paipu kinyume.

Kosa lingeonekana kwenye majaribio. Wakainua matairi ya nyuma kwa jeki, injini ikawashwa, na rafiki yake mchomeleaji, tuliyemwita Cheche, akachuchumaa mbele ya gari na kuchungulia chini. Mbembelezi akavuta kishikio cha kushoto. Cheche akaona tairi la upande wa mkono wake wa kushoto limeganda, akatangaza kwamba mambo ni safi. Alisahau kwamba yeye na gari walikuwa wanatazamana. Makosa mawili yakakutana, yakapeana mikono, na watu wazima wawili wakaenda kunawa wakiwa wameridhika.

Asubuhi ya kliniki, dada alikuwa amevaa, amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkoba mapajani. Vijana nao walikuwa wamesimama pembeni na kile kiti, kwa tahadhari tu, walisema. Gari likaingia uchochoroni likinguruma, likafika kwenye kona. Mbembelezi akakata usukani kushoto, akavuta kishikio cha kushoto kwa nguvu zote. Gari likanyoosha pua kwenda kulia, moja kwa moja kwa fundi cherehani, likasimama kiganja kimoja kabla ya ukuta. Akarudi nyuma, akarudia, likafanya vilevile. Kijana mmoja akaanza kukipangusa kile kiti.

Dada, aliyekwisha kusimuliwa habari za vishikio viwili, aliona. Akapaza sauti, lakini kwa upole.

"Mdogo wangu, jaribu hicho kingine."

"Hicho ni cha kulia, dada."

"Na wewe kulia ulikujua lini? Nilikuvisha viatu mimi mpaka una ndevu."

Uchochoro mzima ukacheka, na fundi cherehani akacheka dirishani na sindano mdomoni. Mbembelezi hakucheka. Alikitazama kishikio cha kulia kama mtu anayetazama mlango wa mkwe. Kisha akakata usukani kushoto na kukivuta. Tairi la kushoto likaganda, la kulia likasukuma, na gari likajikunja pale pale, taratibu, bila kugusa rangi ya ukuta wa mtu. Dada akainuka mwenyewe kwa fimbo yake, akapanda mwenyewe, akawaambia vijana warudishe kiti kwao.

Akafanyiwa upasuaji wa goti moja, kisha la pili.

Paipu hazikurekebishwa kamwe. Cheche alijitolea mara nyingi, maana dhamiri ilimsumbua, lakini Mbembelezi alisema mkono wake umeshajua na haoni sababu ya kuufundisha upya. Mpwa wa Mbembelezi na dada yake aliliazima gari mara moja, akarudi na nusu ya uzio wa jirani kwenye bampa. Toka hapo hakuna aliyeliomba tena. Dada ana mazoezi ya magoti hospitalini kila wiki, na dereva ni mmoja tu duniani.

Kwa hiyo Mbembelezi akafunga sanduku lake la spana na kuihama gereji. Sasa anakaa chumba cha uani kwa dada yake, mwisho wa uchochoro, na gari limeegeshwa mlangoni.