Mgeni Niliyemletea Mwigizaji

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Sparkhill, mtaa wa Birmingham, Uingereza, alikuwa Mhindi, mwigizaji wa michezo ya Kimarathi, lugha ya kwao, tena si wa kubahatisha. Ujana wake wote aliumalizia jukwaani, akizunguka miji ya kwao kwa basi pamoja na kundi lake, leo hapa kesho pale. Nywele zilipoingia mvi filamu zikamwita, na kila filamu ilimtaka afe. "Kwenye filamu nimekufa mpaka nikazoea," aliniambia kwa Kiingereza chake cha polepole. "Jukwaani sikufa hata siku moja."

Binti yake alimleta Birmingham baada ya mkewe kufariki. Binti mwenyewe alishinda kazini, na wajukuu Kimarathi kiliwapita kando. Kwa hiyo mtazamaji wake nilibaki mimi, Mkenya mwenye glavu mikononi. Nikishamwogesha na kumpa dawa, alijinyoosha kitini akaigiza hotuba ya mwisho ya mchezo uliompa jina, baba akiwaaga wanawe. Sikuambulia kitu, lakini nilikaa. Mimi pia nilikuwa mpweke. Zamu zilikula Jumapili zangu, kanisa nikalisahau, na mwanangu nikimsalimu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu.

Kisha maneno yakaanza kumtoroka. Alikwama katikati, akaanza upya, akakwama tena palepale.

"Nataka mtu mmoja tu anayeelewa," akaniambia. "Mmoja, kabla hayajaisha yote."

Nikajitwika kazi hiyo. Kwenye duka la vitambaa pale Stratford Road kulikuwa na muuzaji Mhindi wa makamo, mpole. Kwetu Mhindi ni Mhindi, basi, hatuulizi zaidi. Nikamweleza kwa Kiingereza habari za mzee mwigizaji, akakubali kuja kumwona.

Mzee alivaa kanzu nyeupe ya kwao, akataka nimchane nywele mara ya pili. Akaanza. Siku hiyo hakukwama popote. Sauti ilijaa sebule nzima, nikasahau hata kwamba nilikuwa kazini. Alipomaliza machozi yalikuwa yakimtoka, akamkazia macho mgeni.

Mgeni alipiga makofi kwa heshima. Mimi nikamfuta mzee uso huku nikisema, "Pole, Mzee, pole," kama kawaida yangu. Mgeni akaruka.

"Kumbe wewe ni wa home! Sista, huyu mzee anaongea Kimarathi. Mimi ni Mgujarati wa Nakuru. Sijashika hata neno moja!"

"Nakuru sehemu gani?" Swali lilinitoka kabla sijajua. Akanitajia mtaa, nami nikamwambia shangazi yangu anakaa hapo hapo, tukacheka kwa sauti. Nilifurahi, na aibu ikanichoma hapo hapo ndani ya furaha.

"Anasemaje?" mzee akauliza.

Ningeweza kumdanganya. "Anasema hakuelewa, Mzee. Lugha yake ni nyingine."

Akanigeukia. "Na hiyo mnayoongea?"

"Ya nyumbani kwetu."

Akajivutia blanketi magotini. "Basi ongeeni. Uso wako sijawahi kuuona hivyo humu ndani. Nitawatazama."

Tukaongea. Hotuba ile hakuirudia tena, si kwangu wala kwa mtu mwingine.