Katoni Zilizopasuka Miezi ya Baridi

Wakati huo mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, nami nilikuwa natengeneza masanduku ya katoni ya kutilia viatu katika atelye, yaani karakana, ya muzungu mmoja. Kazi yenyewe si ngumu: unakandamiza mfuo kwa chuma butu, ukifuata nyuzi za karatasi, ndipo unakunja. Ilipofika miezi ya baridi, kila nilipokunja, katoni ilipasuka palepale kwenye mfuo.

Nilibadilisha chuma. Nilikandamiza kidogo, nikakandamiza sana. Wapi! Muzungu akasema kesho atakuja kukunja mwenyewe, na zikipasuka tena, nirudi kijijini. Asiye na kazi hakuachiwa nyumba ya cité, mtaa wa Waafrika, na mke wangu ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kupaka chokaa kuta za ile yetu.

Mchana aliniletea bukari, ugali wetu. Nilikuwa nimenuna, hata sikumsalimu. Akaitazama mbabula, jiko letu la makaa, ikiwaka kando ya rundo la katoni. Wakati wa mvua katoni hulegea, kwa hiyo sote tulizoea kuzikausha hivyo. Baridi ilipokuja niliiacha palepale, nikiota moto mikono.

"Baba, hii mbabula iko kufanya nini hapa?"

"Iko kukausha."

"Kukausha nini? Mvua iko wapi?" Akainua mguu, akanionyesha kisigino. "Angalia, hata miye niko kupasuka. Unazania nakiweka ku moto? Nakilowesha mu mayi, kisha nakipakaa mafuta."

Nilitaka kubisha; ndiyo tabia yangu mpaka leo. Lakini alikuwa ameshaitoa mbabula nje. Akavua kikwembe, kitenge chake cha mabegani, akafungua na cha kiunoni, akavilowesha kwenye ndoo, tukavitundika kwenye kamba kuzunguka katoni, zivute unyevu. Akarudi nyumbani na gauni moja jepesi katika upepo ule wa Julai, bila kunung'unika. Niliona haya, na nilimpenda.

Asubuhi muzungu alikunja moja, akakunja ya pili, akapitisha kidole juu ya mkunjo. Hakuna ufa. Akaondoka.

Saa sita nilikimbia nyumbani. Nilimkuta mke wangu amejikunyata kitandani, anatetemeka.

"Inakunjika?" akauliza.

"Inakunjika."

"Basi kuya unipashe moto. Nyumba ingali yetu."