Tulingoja Mbweu

Kitu cha kwanza nilichofanya papa, baba yangu, aliposhika kifua ni kuweka sikio langu pale, kama fundi wa injini za mitumbwi, na kumwambia, "Papa, plagi imechafuka." Ndiyo akili yangu hiyo. Darasa zima linanijua nayo, na walimu wanaijua zaidi, ndiyo maana nakalishwa dawati la mbele peke yangu.

Kwetu Kashikishi, kiungulia cha papa kilikuwa kama mtu mwingine wa nyumba. Kila akila bukari, ugali wa mihogo, na chisense, tusamaki tudogo twa ziwa, na pilipili juu yake, koo linamuunguza mpaka machozi. Dawa ilikuwa maji ya majivu, yale yale mama anayochuja kwa kulainisha sombe, mboga ya majani ya mihogo. Papa anakunywa kikombe kidogo, tunanyamaza wote, tunangoja mbweu. Ikitoka, ndefu, ya aibu, mimi napiga makofi, naye anainama kama mwimbaji aliyemaliza wimbo kanisani. Niliiigiza shuleni mpaka mwalimu wa hesabu akacheka akijifanya anakohoa.

Asubuhi ile papa alikuwa anafunga magunia ya chisense ya kuvusha ziwa kwenda Kongo. Akaketi ghafla juu ya gunia. Nikafanya ule mchezo wa plagi. Akacheka, lakini kicheko kikakatika katikati.

"Leta ile mayi," akasema.

Nikaleta, akanywa. Uso wake ulikuwa umelowa, na jua lilikuwa bado halijaanza ukali.

"Inaunguza sana, papa?"

"Haiunguzi. Inafinya. Ni kama mutu amenikalia hapa." Akajipapasa taya. "Mpaka huku. Na huu mukono unakufa ganzi."

"Basi ni uzee. Jana si uliringa unabeba magunia mawili?"

"Nyamaza, mutoto mubaya."

Halafu mbweu ikaja. Ndogo tu, lakini ikaja. Nikapiga makofi kwa nguvu. Ile mbweu mpaka leo siisamehe. Ilitudanganya wote wawili. Papa akasema afadhali kidogo, tukabaki pale, mimi namsimulia upuuzi wa shule, yeye anaitika "ee", "ee", mpaka akaacha kuitika.

Jirani mwenye pikipiki alitubeba. Papa katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Shati lake lilikuwa baridi, limelowa jasho. Nikamwambia asinilowanishie yunifomu. Nilidhani atanitukana kama kawaida. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye mgongo wa dereva, na barabara ilikuwa bado ndefu.

Hospitalini walijaribu, kisha wakaacha. Daktari akatoka, akaniuliza papa alikula nini.

"Alikuwa hajala."

Akaniangalia, bila ukali. Alisema kiungulia mara nyingi huja baada ya chakula, kinaunguza kikipanda kooni, na ukilala kinazidi. Ila maumivu yanayofinya, yanayokwenda mkononi na kwenye taya, na jasho baridi kwa mtu aliyekaa tu, hayo hayangojewi. Na mbweu haithibitishi kitu. Hata yeye, alisema, kuna siku hawezi kutofautisha bila mashine, ndiyo maana ni afadhali mtu aje, wamrudishe nyumbani na kiungulia chake. Nilisikiliza somo lote mpaka mwisho, mimi. Lilikuwa limechelewa kwa mwanafunzi mwenyewe na kwa papa yake.

Matangani watu walinisubiri nichekeshe kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: mama akijua, ataniangalia vipi tena? Angeweza kuishi miaka yote bila kujua. Hakuna aliyetuona pale kwenye magunia.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka nilimkuta mama anakunja vitenge vya papa alivyokuwa anajifunika. Nikamwambia yote. Plagi, maji ya majivu, jasho, mkono, makofi. Nilitaka anipige. Nilisogea hata karibu, ili asihangaike kunifikia.

Aliendelea kukunja. Halafu akasema:

"Nilisikia. Nilikuwa nyuma ya nyumba nageuza samaki wa kuanika, nikasikia weye unapiga makofi. Nikasema, aa, imetoka. Nikaendelea kugeuza samaki."